NAFSI NA DENI: ATHARI YA FIKRA ZA KIHINDI KATIKA FALSAFA YA MAZINGIRA, IKITAZAMWA KUTOKA UFUO WA NAM LOLWE

Utangulizi

Mwaka 1972 fikra za Kihindi ziliingia katika mjadala wa kimataifa juu ya mazingira kwa milango miwili. Mwezi Juni, mjini Stockholm, Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Indira Gandhi, aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira ya binadamu. Aliwakumbusha wajumbe kwamba uchafuzi hauwezi kujadiliwa pasipo kuujadili umaskini, kisha akarejea utenzi wa kale wa Atharva Veda unaoisemesha Ardhi kama mtoto amsemeshavyo mamaye. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo, mjini Bucharest, mwanafalsafa wa Norway, Arne Naess, alitoa mhadhara uliotofautisha ekolojia ya juujuu na ekolojia ya kina. Muhtasari wa mhadhara huo ulichapwa mwaka 1973 katika jarida la Inquiry, nao ukawa chimbuko la mkondo mzima wa falsafa. Naess alikuwa amemsoma Mohandas Gandhi kwa miaka mingi, na katika maandishi yake ya baadaye aliihusisha waziwazi dhana yake ya nafsi na Bhagavad Gita.

Kwa kawaida milango hii miwili huhesabiwa kuwa mmoja. Husemwa tu ya kwamba Mashariki iliifunza Magharibi kuwa binadamu na viumbe vingine ni kitu kimoja, na mjadala ukaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kilichopita Stockholm na kilichopita Bucharest ni mambo mawili. Kwamba moja ni fikra ya nafsi na jingine ni fikra ya deni. Na kwamba ni hii ya pili, iliyopata wafuasi wachache zaidi katika vyuo vya Magharibi, inayokutana na falsafa iliyotungwa na wana wa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe.

Suala hili linawahusu wanalugha kwa sababu mahsusi. Kiswahili, ambacho Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ndicho kinachotarajiwa kuwafikishia raia mafunzo haya, ikiwa ni pamoja na haki ya mazingira safi iliyotajwa katika kifungu cha 42 cha Katiba hiyohiyo. Istilahi zitumikazo sasa zinaifuta tofauti ya nafsi na deni kabla mjadala haujaanza. Mwanafunzi wa Kisumu anayesoma falsafa hiyo kwa Kiswahili hupewa tafsiri ambayo ndani yake hamna nafasi ya kuuliza ni nani anayemwia nani.

Mikondo miwili ya fikra moja

Inafaa kwanza kuutazama mkondo wa nafsi. Gita hufundisha kwamba mwenye hekima huiona nafsi yake katika viumbe vyote, na viumbe vyote katika nafsi yake. Naess aliichukua hoja hiyo, akaiunganisha na falsafa ya Spinoza, akafikia msimamo huu: mtu anayekua kiroho hupanua mipaka ya nafsi yake hadi ikajumuisha mto, mlima na mnyama. Aliyefikia hapo hahitaji kuamrishwa autunze mto, kwa kuwa kuutunza mto ni kujitunza mwenyewe. Maadili ya amri na kafara hupoteza uzito. Mahali pake hushikwa na kule kuikamilisha nafsi. Naess hakuishia katika maneno. Mwaka 1970 alishiriki katika upinzani wa amani dhidi ya mradi wa umeme uliotishia maporomoko ya Mardøla nchini kwake, kwa mbinu alizojifunza kwa Gandhi.

Mkondo wa deni una chimbuko kongwe zaidi. Utenzi uliorejewa Stockholm umo katika kitabu cha kumi na mbili cha Atharva Veda. Humo Ardhi huitwa mama, na msemaji hujiita mwanawe. Mchimbaji huiomba radhi Ardhi anayoichimba, akitaka palipochimbwa pamee tena upesi. Maandishi mengine ya Veda yanaiendeleza fikra hii kwa lugha ya deni iliyo dhahiri. Taittiriya Samhita hueleza kwamba Brahmani huzaliwa tayari ana madeni matatu: kwa wenye hekima, kwa miungu, na kwa wahenga waliomtangulia. Shatapatha Brahmana huongeza deni la nne, nalo ni kwa binadamu wenziwe, ambalo hulipwa kwa kumkaribisha mgeni na kumpa chakula.

Tofauti iliyopo baina ya mikondo hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Penye nafsi iliyopanuka hapana wawili: anayetunza na kinachotunzwa ni mmoja. Penye deni sharti wawepo wawili, na tena wasiwe sawa, kwa sababu mmoja ametoa na mwingine amepokea. Mkondo wa kwanza huondoa umbali. Wa pili huuheshimu. Wa kwanza humtaka mtu aone vizuri zaidi. Wa pili humtaka alipe. Mtu anaweza kuipanua nafsi yake akiwa peke yake mlimani, ilhali deni halina maana pasipo mdai, kiasi na muda wa kulipa.

Uhakiki mkali wa jinsi mkondo wa kwanza ulivyotumiwa uliandikwa na mwanahistoria wa Kihindi, Ramachandra Guha, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya wanamazingira wa Marekani. Guha alidai kwamba wafuasi wa ekolojia ya kina wa huko waliziokota dini za Mashariki kwa upendeleo, wakazifanya ushahidi wa jambo walilokwisha kuliamini. Na kwamba shauku yao ya kuhifadhi mapori matupu, ikihamishiwa katika nchi kama India, huwanyang'anya maskini ardhi kwa manufaa ya matajiri. Alionyesha pia kwamba chanzo cha uharibifu ni ulaji uliokithiri wa nchi za viwanda na wa wateule wa mijini, pamoja na maandalizi ya vita. Mambo hayo hayafafanuliki kwa kuuliza tu kama binadamu anajiweka katikati ya ulimwengu au la. Harakati za Chipko, zilizoanza mwaka 1973 katika milima ya Himalaya, na ambazo mara nyingi husimuliwa kama ibada ya miti, Guha alizieleza kuwa zilikuwa kwanza madai ya wakulima juu ya misitu iliyowalisha.

Ni haki kuongeza kwamba makala ya Naess ya mwaka 1973 ilikuwa imetaja pia upinzani dhidi ya matabaka na uhuru wa jamii ndogondogo kujiamulia mambo. Lakini hoja hizo hazikutokana na dhana ya nafsi. Zilisimama kando yake. Wafuasi walipoibeba dhana na kuuacha upinzani wa matabaka, hawakuwa wameivunja dhana hiyo. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Neno "mazingira" na picha iliyomo ndani yake

Hoja ya kwanza kabisa ya Naess katika makala hiyo ilikuwa kuikataa picha ya binadamu aliyesimama katikati, vitu vingine vikiwa vimemzunguka. Mahali pa picha hiyo aliweka ile ya wavu, ambamo kila fundo ni fundo kwa sababu ya nyuzi zinazoliunganisha na mafundo mengine.

Mfasiri wa Kiswahili anayeitafuta hoja hiyo hukutana na kikwazo katika neno la kwanza analolihitaji. "Mazingira" ni nomino itokanayo na kitenzi "zingira", ambacho maana yake ni kuzunguka pande zote, na hata kuhusuru, kama jeshi lizingiravyo mji. Mazingira ni vile vilivyomzunguka mtu. Kwa hiyo picha ambayo Naess aliikataa ndiyo iliyomo katika mzizi wa neno linaloipa jina falsafa yake. Kusema kwa Kiswahili kwamba "falsafa ya mazingira humkataa binadamu wa katikati" ni kuivunja sentensi kwa nguvu ya kiima chake.

Kiswahili hakistahili lawama kwa hili, kwa kuwa neno la Kiingereza na la Kifaransa yamejengwa kwa picha hiyohiyo ya duara. Jambo la kuzingatia ni kwamba istilahi ilipokewa pamoja na picha yake, ilhali lugha ilikuwa na maneno mengine. "Maumbile" hukumbusha kwamba vitu viliumbwa, na kwa hiyo vina Muumba. "Viumbe" humweka binadamu katika safu moja na samaki. "Nchi" na "ardhi" hutaja kitu kinachokanyagwa, kulimwa na kurithiwa. Kila moja la maneno haya huelekeza fikra upande wake. "Mazingira" limeyashinda yote katika vitabu vya shule na hotuba za serikali, nalo limeacha pengo: hakuna awezaye kuwiwa na mazingira. Mtu huyatunza, huyasafisha au huyachafua, kama afanyavyo kwa ua wa nyumba yake.

Kisumu na India

Huenda ikadhaniwa kwamba fikra za Kihindi zilifika ufuoni mwa ziwa moja kwa moja, bila kupitia Bucharest wala Stockholm, kwa kuwa Wahindi wenyewe walifika. Reli kutoka Mombasa, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na vibarua walioletwa kutoka India, iliufikia mwambao huo Desemba 1901, na kituo chake kikapewa jina la Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Mapema katika karne ya ishirini wakulima wa Kihindi waliwekwa Kibos, karibu na mji, na kilimo cha miwa cha uwanda huo kina sehemu ya historia yake kwao. Mahekalu ya Wahindu na gurdwara za Masingasinga yakawa sehemu ya sura ya mji. Upande wa pili wa ziwa, karibu na Jinja, sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi ilimwagwa mwaka 1948 katika maji ya Nile yanapoliacha ziwa, na mnara wa kumbukumbu yake ukazinduliwa mahali hapo mwaka 1997.

Pamoja na ujirani huo wote, mazungumzo ya kifalsafa yalikuwa machache. Lugha ya kukutania baina ya Mhindi na Mjaluo ilikuwa Kiswahili cha dukani, kilichotosha kwa bei na mizani. Deni lilitajwa humo kila siku, lakini lilikuwa deni la daftari. Maandiko ya Kihindi yalibaki katika Kigujarati, Kipunjabi na Kisanskriti. Masimulizi ya Wajaluo yalibaki katika Kijaluo. Kitabu kimoja kinachojitokeza katika ukimya huu ni kile cha Oginga Odinga, aliyeizuru India mwaka 1953 na kuandika habari za ziara hiyo kwa Kijaluo chini ya anwani ya Dweche Ariyo e India, yaani Miezi Miwili India. Anwani yenyewe ni ushahidi kwamba India iliwahi kuelezwa kwa wasomaji wa mwambao huu kwa lugha yao. Lakini Odinga alikuwa mwanasiasa, na daraja alilolijenga lilikuwa la siasa ya ukombozi.

Kwa hiyo haifai kudai kwamba falsafa iliyotokea baadaye miongoni mwa wasomi wa sehemu hizi ilikopwa kwa Wahindi wa Kisumu. Kinachoweza kuonyeshwa ni jambo jingine: kwamba fikra mbili zilizokaa jirani bila kusomana zilifikia neno moja.

Ardhi-mzazi

Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Siaya mwaka 1944, alisomea falsafa nchini Sweden na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Anajulikana zaidi kwa utafiti wake juu ya busara za wenye hekima wa jadi, uliochapwa mwaka 1990, ambamo mawazo ya wazee wa Kijaluo kama Paul Mbuya Akoko yalipewa hadhi ya hoja badala ya kuchukuliwa kama mila tu. Mwaka 1991 mkutano wa kimataifa wa falsafa ulifanyika Nairobi, na mwaka 1994 Oruka alihariri mkusanyo wa makala juu ya falsafa, ubinadamu na ekolojia. Ndani yake mna makala aliyoiandika pamoja na Calestous Juma, mtaalamu wa sayansi na maendeleo aliyekulia Port Victoria, kando ya ziwa. Humo waliiwasilisha nadharia yao ya maadili ya ardhi-mzazi.

Mfano wanaoutumia ni wa nyumba yenye watoto sita. Wawili kati yao wana mali, wanne ni maskini. Wenye mali wanaweza kusema kwamba walifanikiwa kwa juhudi zao, na dai hilo halikosi ukweli wote. Lakini hakuna hata mmoja kati ya sita aliyeanza bila kitu: wote walipokea kutoka kwa wazazi malezi, jina na urithi, na tofauti zao zimetokana na historia na bahati pia. Kutokana na mfano huo hutolewa kanuni mbili kuu. Ya kwanza ni kanuni ya deni kwa wazazi, ambayo huyafunga mafungamano ya usalama wa nyumba, aibu ya ukoo na uhai wa wote. Ya pili ni kanuni ya bahati ya mtu binafsi, ambayo humpa kila mtu haki ya kufurahia alichokipata. Kanuni hizi zikigongana, ya kwanza hutangulia.

Uhusiano na mkondo wa deni uliokwisha kuelezwa uko wazi. Hapa pia binadamu huzaliwa akiwa mwiwa. Hapa pia mdai ni aliyemtangulia. Na hapa pia deni kwa mzazi hulipwa kwa kumtendea haki ndugu. Tofauti na Naess, Oruka na Juma hawahitaji mtu aone kwamba yeye na nduguye ni nafsi moja. Ndugu hubaki ndugu, mwenye tumbo lake na njaa yake, na ni kwa sababu hiyo hasa dai lake lina nguvu. Swali ambalo Guha alilipa uzito, la nani anakula zaidi na kwa gharama ya nani, haliji hapa kama nyongeza: ndilo linaloifungua nadharia.

Hata hivyo nadharia hii ina upungufu. Mfano wake umejaa watu. Watoto wote sita ni binadamu, na ardhi, ijapokuwa imo katika jina la nadharia, hunyamaza katika hadithi yenyewe. Mzazi yumo kama chanzo cha urithi. Hana sauti ya kukemea. Msomaji hubaki akiuliza kama samaki na msitu ni ndugu katika nyumba hii, au ni sehemu ya mali inayogawanywa. Jibu la swali hilo halipatikani katika Kiingereza cha makala hiyo. Linatafutika katika lugha na masimulizi ya mahali wanapotoka watunzi wake.

Sauti ya piny

Neno la Kijaluo "piny" hubeba kwa pamoja maana ambazo Kiswahili huzigawa: ardhi, chini, nchi, dunia, na hata watu wa nchi. Mwaka 1921, chama cha vijana wa Kavirondo kilipoundwa kuyapinga madhila ya utawala wa kikoloni, harakati hizo zilijulikana kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jina hilo lilitumika kisiasa, na si busara kulifanya tamko la kiekolojia. Kwa mwanalugha, hata hivyo, sarufi yake ina uzito: "piny" ni kiima cha kitenzi cha kusema. Jambo hilo haliwezekani kwa "mazingira". Kilichomzunguka mtu hakina kinywa, kilichomzaa kinacho.

Masimulizi ya mwambao yanaonyesha kinywa hicho kikisema nini. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Husimuliwa kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu, alifika kikongwe mgeni, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Baadaye maji yalikifunika kijiji pamoja na waliomo, yule aliyemkaribisha mgeni akasalimika. Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyeanzisha uchapishaji wake mwenyewe mjini Kisumu, aliijengea tamthilia hadithi hiyo. Ikisomwa kwa jicho la ekolojia ya kina, hadithi haina la kusema: hakuna aliyelidhuru ziwa, hakuna mti uliokatwa. Ikisomwa kwa jicho la deni, iko wazi. Kosa lilikuwa baina ya mtu na mtu, na adhabu ilitoka ardhini, kwa sababu mgeni aliyenyimwa chakula ni mtoto mwingine wa nyumba ileile. Hilo ndilo deni la nne la Shatapatha Brahmana, lisilojulikana Kendu Bay kwa jina hilo.

Mfano wa pili ni wa tukio. Mwaka 1987, katika Nyakach, chatu aliyejulikana kwa jina la Omieri aliungua katika moto wa kichaka. Wenyeji wengi walimhusisha na mvua na mavuno mema, na kuungua kwake kuliwahuzunisha. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, akafa huko. Wapo waliolisimulia tukio hilo kama mgogoro wa ushirikina na sayansi. Usomaji huo ni mwembamba. Waliomheshimu chatu hawakudai kwamba wao na yeye ni nafsi moja. Walimwogopa na kumpisha. Walijiona wamepokea kwake, na aliyepokea hana budi kujali hali ya mtoaji. Hapa pengo la Oruka na Juma linaanza kuzibika: asiye binadamu naye anaweza kuwa mdai.

Tahadhari inahitajika. Si kila mwiko ni falsafa, na masimulizi ya ufuoni yana pia mambo ambayo hakuna mhakiki awezaye kuyatetea. Katika hadithi fupi ya Grace Ogot, "The Rain Came", ziwa linadai mwili wa binti ili mvua inyeshe, na mwandishi anaupa uzito uchungu wa binti huyo na wa baba yake. Deni lisilopimwa kwa haki huweza kuwa kisingizio cha wenye nguvu kumtoa mnyonge kafara. Oruka alilitambua tatizo hili, ndiyo maana aliwatafuta wenye hekima waliothubutu kuzihoji mila za kwao.

Kipimo cha ziwa

Nadharia mbili zinapogombea nafasi moja, ni vema zipimwe kwa jambo lililopo. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Alipoongezeka sana, aina nyingi za samaki wadogo wa asili, fulu, zilipungua au kutoweka. Katika miaka ya 1980 viwanda vya kukata minofu ya sangara kwa ajili ya masoko ya nje, hasa Ulaya, vilianza kufanya kazi, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Minofu iliposafirishwa, kichwa na mifupa vilibaki. Mabaki hayo hukaangwa na kuuzwa na kina mama katika mitaa kama Obunga, na jina lake la sokoni ni "mgongo wazi".

Falsafa ya nafsi ina la kusema juu ya fulu waliopotea: kupotea kwao ni kupungukiwa kwa nafsi yetu. Neno hilo lina ukweli na linagusa moyo. Juu ya mgongo wazi haina neno. Mnunuzi wa minofu wa ng'ambo anaweza kuipanua nafsi yake hadi ikaujumuisha mwambao mzima wa Winam, na bado mnofu ukaendelea kwenda kwake na mfupa ukaendelea kubaki Obunga. Kwa falsafa ya deni hesabu ni nyingine. Kuna nyumba moja. Kuna aliyekula mnofu na aliyeachiwa mfupa. Kuna samaki ambao uzao wao ulikatizwa bila kuulizwa. Kila mmoja ana dai lake, na madai hayo yanaweza kutajwa, kupimwa na kubishaniwa.

Jina lenyewe la "mgongo wazi" linastahili kuangaliwa na wanalugha. Halikutungwa na kamati yoyote. Lilitungwa na watu wanaokijua wanachokinunua, nalo linasema kwa maneno mawili kilichoondolewa na kilichobaki. Ni istilahi ya deni.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba fikra za Kihindi ziliiathiri falsafa ya kisasa ya mazingira kwa mikondo miwili, na kwamba mkondo wa nafsi ulioshamiri kupitia Naess umeufunika ule wa deni uliosikika Stockholm. Imeonyeshwa pia kwamba nadharia ya Oruka na Juma, pamoja na masimulizi ya ufuo wa Nam Lolwe, inakutana na India katika mkondo huu wa pili, bila kuwa na haja ya kudai ukopaji. Si kwamba mkondo wa nafsi hauna thamani. Ila peke yake humwacha mwenye mali akiwa na dhamiri safi na sahani iliyojaa.

Kwa upande wa lugha, haipendekezwi kwamba neno "mazingira" litupwe. Limekwisha kuzoeleka, na lina kazi zake katika sheria na utawala. Kinachopendekezwa ni kwamba mafunzo ya maadili yasiachiwe neno hilo peke yake. Kiswahili kina kitenzi "wia" na kauli yake ya kutendwa, "wiwa". Kina "mwia" na "mwiwa", maneno ambayo yamepungua katika matumizi ya kila siku mbele ya "dai" na "daiwa", lakini yangali hai katika kamusi. Yakirejeshwa katika madarasa ya falsafa na fasihi, yatamwezesha mwanafunzi kuisema kwa ufasaha hoja ambayo sasa huitafuta kwa Kiingereza: kwamba binadamu huzaliwa ni mwiwa wa ardhi, na kwamba ardhi hulipwa kupitia kwa wale ambao nao ni watoto wake.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo hutumika kwa deni la dukani, lenye kiasi na mwisho. Deni la mzazi halina siku ya kufutwa, nalo halimfanyi mtoto kuwa mtumwa. Humkumbusha tu ni nani wengine walionyonya ziwa lile lile. Ni bahati ya Kiswahili kwamba neno lake moja hutaja maji ya Winam na titi la mama.